Soba miezi minne, halafu maskani yale yale: inasaidia kweli?

Mwezi huu barua tatu zimegongana kwenye jambo moja, soba, yani zile nyumba wanazokaa watumiaji wa madawa ya kulevya ili waache, nimezipunguza kidogo na majina nimeyatoa. Za ndoa na za vikoba zitasubiri mwezi ujao msinikasirikie.

BARUA YA KWANZA

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mama wa watoto wanne nakaa Jang'ombe. Mwanangu wa pili ana miaka 16, yupo fom tuu lakini skuli haendi tena tokea Ramadhani. Alianza bangi pale maskani (kijiweni) kwa wakubwa, mie nikidhani sigara tu, sasa mwenzake kaniambia mule kwenye bangi wakimtilia unga (heroini) na sasa yeye ndo anautafuta wenyewe. Vitu vinapotea ndani, simu ya dada yake, mtungi wa gesi, hata viatu vya baba yake vya Idi. Asipopata anatoka jasho, anatapika, tumbo linamsokota usiku kucha. Kaka yangu yuko Oman kasema atalipa soba miezi minne. Ila jirani yangu wake alikaa soba, akatoka amenawiri anaswali tano mashaallah, haijapita hata wiki mbili karudi kule kule. Baba yake anasema hizo pesa za kutupa, bora apelekwe shamba kwa babu yake Makunduchi. Dada nambie ukweli, hizi soba zinasaidia au tunajidanganya? Na mtoto wa 16 kulala na watu wazima mie naogopa.
Mama, Jang'ombe

JIBU

Waalaykum salaam mama, pole sana, na mtungi wa gesi na viatu vya Idi umenipa picha yote ya nyumba yako ilivyo sasa hivi. Soba inasaidia. Ila haisaidii vile tunavyotegemea wengi wetu, mana sisi tunampeleka mtoto tukitaka turudishiwe yule wa zamani wa kabla ya maskani, mzima mzima, halafu akivuta mara moja tu baada ya kutoka tunatangaza mtaani kuwa soba zote uongo.

Maneno ya barazani hayana hesabu kwahivo nikupe za watu waliokaa chini wakafuatilia. Marekani kuanzia 1993 mpaka 1995 walichukuliwa vijana 1,167 wa miaka 11 mpaka 18 kwenye miji minne, Pittsburgh, Minneapolis, Chicago na Portland, wengine wakikaa ndani ya vituo na wengine wakienda tiba na kurudi nyumbani, wakaulizwa hali zao za mwaka mmoja kabla ya tiba na mwaka mmoja baada yake. Wanaovuta bangi kila wiki walikuwa 80 katika kila 100, wakashuka mpaka 44. Wanaokunywa pombe nyingi 34 wakawa 20, na waliokuwa wanaiba na kufanya uhalifu mwengine 76 wakawa 53. Madawa makali ndo yalishuka kidogo tu, 48 mpaka 42. Na hapo hakukuwa na kundi la vijana wasiotibiwa wa kulinganisha nao, kwahivo usiibebe hesabu hii kama kwamba tiba peke yake ndo ilofanya yote, wapo wanaopungua wenyewe wakikua. Lakini tazama vile vitu vinavyoshuka, wizi umeshuka, bangi imeshuka karibu nusu, kwa mama anaeibiwa mtungi wa gesi hilo si dogo hata kama mtoto hajaacha moja kwa moja.

Ukiuliza walioacha kabisa ndo hesabu inakuwa ngumu kuimeza. Mwaka 2000 kuna watafiti walizikusanya tafiti 53 za tiba ya vijana wa umri wa mwanao, na kwenye zile zilizopima jambo hili wastani ulikuwa vijana 38 katika 100 hawajagusa kitu miezi sita baada ya tiba, na baada ya mwaka mzima 32. Yani walio wengi walirudi kutumia angalau mara moja. Mtoto wa jirani yako basi si ajabu wala si aibu ya peke yake, yupo kwenye wengi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na madawa ya kulevya inasema wanaorudi ni kati ya 40 na 60 katika 100, na wao wenyewe wanailinganisha na presha na pumu, na mie nakubaliana nao, mana bibi yako akipandwa na presha kwa kula ngisi wa chumvi husemi vidonge ni uongo, unamrudisha kwa daktari na chumvi unaificha.

Sasa kilichonifanya niandike jibu refu hivi ni hichi. Los Angeles walifatilia vijana waliopelekwa na mahkama kwenye kituo kimoja cha kukaa ndani, wakawalinganisha na wenzao waliopelekwa sehemu nyengine. Baada ya mwaka wa kituo kile walikuwa na hali nzuri zaidi. Walipokuja kuwatafuta tena miaka mingi mbele ile tofauti ilikuwa haipo tena, imeyeyuka. Na Florida, utafiti uliotolewa 2018, vijana 113 wenye madawa na matatizo ya akili pamoja, nusu wakawekwa ndani, nusu wakabaki nyumbani lakini familia nzima ikafanyiwa tiba, mama, baba, mtoto, mpaka skuli ikaingizwa. Miezi miwili ya mwanzo wote sawa, wote wamepungua vizuri. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa 18 wale waliotibiwa na familia zao wakawa wanashikilia walichokipata kuliko wale waliokaa ndani. Kwahivo mama, ukiniuliza mimi, zile siku za ndani ndo sehemu rahisi, kule kajifungia hakuna maskani hakuna simu hakuna muuzaji, nani asiache. Kazi ipo siku anayoteremka daladala na begi lake pale mtaani kwenu, na kwa siku hiyo watu wengi hawana mpango wowote isipokuwa kumpikia pilau.

Wanaorudi wakubwa na wanaorudi vijana hawarudi kwa njia moja pia. Mtu mzima mara nyingi anarudi akiwa na mawazo, hasira, kagombana na mke, kakosa kazi. Kijana anarudi kwa marafiki, anakaa tu, wanapiga stori, mmoja anawasha, na yeye yumo. Haikuwa hata nia yake siku ile.

Ndo nakwambia hivi, soba nenda, kaka yako asibadilishe nia, mana kwa mtoto anaeshikwa na arosto ya unga (yale mateso ya kuukosa) na anaishi hatua chache kutoka anaponunua kukaa mbali miezi mitatu minne kunampa nafasi ya kichwa kutulia. Chini ya miezi mitatu sikushauri, ndo kiwango kinachotajwa sana kwenye hizi tafiti kuwa chini yake faida inapungua. Ila kabla hujalipa mwambie kaka yako hizo pesa azigawe, sehemu ya soba na sehemu ya baada ya soba, nauli za kwenda mitingi (vikao vya walioacha), ada ya kumrudisha skuli au kumtia ufundi, na kama mwanasaikolojia atapatikana basi na yeye. Akikwambia anataka kulipa miezi sita yote ndani na baada ya hapo hana kitu, mwambie kaka minne inatosha, hiyo miwili nipe mkononi.

Woga wako wa kulala na watu wazima unayo haki. Soba zetu hapa Unguja tokea zile za mwanzo za 2009 zimejengwa na watu wenyewe waliotumia wakaacha, nnawaheshimu mno, wamewatoa watu ambao familia zishawakatia tamaa, lakini zilianzia kwa wakubwa na hatua zile 12 za kuacha wanazofuata zinamuongelea mtu alopoteza mke na kazi na nyumba, mtoto wa 16 hana hata kitambulisho. Na kijana ukimuweka na waliobobea kumuzidi anaweza kutoka na elimu ambayo hakuingia nayo, nani anauza wapi, sindano inapigwa vipi, hilo watafiti wameliona sana pale vijana wakorofi wanapokusanywa pamoja bila msimamizi wa karibu. Kwahivo nenda mwenyewe ukaone kabla hujampeleka. Uliza wa umri wake wapo wangapi, analala chumba kimoja na nani, usiku anasimamia nani. Uliza arosto wanaivusha vipi na kama kuna nesi au daktari anaekuja, mana arosto ya unga inatesa lakini mara nyingi haiuwi kama mtu anapewa maji na anaangaliwa, ila ya pombe na ya valiumu inaweza kumtia mtu degedege akafa, kwahivo waambie kila kitu anachotumia usifiche hata kimoja. Uliza kama utaruhusiwa kwenda kumuona na kukaa nae kikao na mshauri. Na ukisikia wanapiga au wanafunga minyororo toka hapo hapo, kwa pesa zako mwenyewe umnunulie mtoto bakora?

Kabla hata ya soba mpeleke hospitali ya Kidongo Chekundu akaonwe. Pale tokea 2015 wanatoa methadoni, ni dawa inayonywewa kila siku mbele ya nesi, inaondoa arosto na ile hamu, na wapo watu wengi wanaofanya kazi zao na kulea watoto wao kwa ajili yake. Kwa umri wa mwanao daktari ndo ataamua kama inamfaa au la, usiende na jawabu kichwani. Na wakimpa usimsikilize mtu anaekwambia kabadilisha ulevi mmoja kwa mwengine, mana mtu huyo si yeye anaelala na wewe usiku ukisikiliza mlango kama mtoto karudi.

Baba yake na shamba lake Makunduchi, sijalitupa wazo lake. Kwa sasa hapana, arosto ya unga kwa babu mzee asiejua kinachoendelea ni kumtesa babu pia. Lakini baada ya soba, badala ya kumrudisha moja kwa moja Jang'ombe, miezi miwili mitatu shamba na babu na kazi ya kufanya naiona ni akili sana, mwambie baba yake nimemuunga mkono. Tena hiyo itamuingiza na yeye ndani ya jambo hili, mana barua yako imenionesha unalibeba peke yako.

BARUA YA PILI

Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22 nipo Wete. Mdogo wangu ana 17 alikuwa anatumia unga, tulimpeleka Unguja soba karudi huu mwezi wa pili. Mpaka sasa yupo klini (hatumii) naamini. Tatizo nyumbani, mama kila akitoka chooni anamnusa, pesa zinafichwa, akichelewa msikitini dakika kumi anatumwa mtu kumtafuta. Juzi kaniambia kaka bora nikarudie tu mana hata nikiacha mnanitazama vile vile. Na rafiki zake wa bandarini wanampigia simu. Mimi nifanye nini?
Kaka mtu, Wete

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo neno alilokwambia usilichukue kama kitisho, kakwambia wewe hakuwaambia wa bandarini, basi wewe ndo mlango wake na usiufunge.

Kuna kitu walikifanya Illinois Marekani, vijana wakitoka kituo cha kukaa ndani badala ya kuambiwa njooni kliniki wenyewe, mshauri akawa anawafata nyumbani kila wiki kwa miezi kama mitatu, anakaa na kijana, anakaa na wazazi, anampeleka kwenye vikao, anamtafutia skuli. Waliofuatwa hivo waliendelea na huduma zaidi kuliko wale walioambiwa njooni, na wengi zaidi wakakaa mbali na bangi. Pemba mshauri wa kuja Wete kila wiki sijui utampata wapi lakini jambo lenyewe halihitaji ofisi. Piga simu soba alikotoka, waulize kama wana mtu wao klini anaekaa Pemba, hawa watu wanajuana kisiwa kizima, akakutane nae kila wiki siku maalum, wewe umsindikize mara za mwanzo. Mitingi kama ipo ya kufikika aende, kama haipo basi watu wawili watatu walioacha wakikaa pamoja kwa chai ni mitingi tayari.

Mama yako usigombane nae, keshaibiwa na keshakesha, ile pua yake ni khofu. Kaeni wote watatu, mkubaliane mambo machache yanayojulikana, mfano kurudi saa ngapi, pesa anashika kiasi gani (apewe kidogo, asinyimwe kabisa, mana asieaminiwa hata shilingi elfu moja ya mkate atajifunza vipi kuaminika), na nani anaruhusiwa kumuuliza swali lile la umetumia. Mmoja tu. Akiulizwa na watu watano kwa siku hata mimi ningerudia.

Simu badilisheni laini, leo, hili halina mjadala. Na muda wa baada ya laasiri ndo mbaya kwa vijana, huo ndo muda wa maskani, mjazie, mpira, madrasa, duka la mjomba, chochote chenye watu wengine wasiotumia. Kumwambia asikae na wale bila kumpa wa kukaa nao ni sawa na kumwambia akae peke yake na ana miaka 17.

Sasa nikwambie linalonitisha na naomba ulisome taratibu. Mtu aliekaa miezi minne bila unga mwili wake umesahau. Akirudia siku moja na akavuta au akapiga kipimo kile kile alichozoea zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo, na wiki za mwanzo baada ya kutoka ndo za hatari kuliko zote. Mwambie hivo hivo kwa mdomo wako, na mwambie pia kuwa ikitokea kateleza akupigie wewe hutamgombeza, na asiwe peke yake chumbani na mlango umefungwa. Ukimkuta hafumbui macho, anakoroma vibaya au pumzi zinakuja moja moja, midomo imekuwa ya buluu, mlaze ubavu, msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi kama wanavyofanya watu, mkimbizeni hospitali na mkiwaambia madaktari semeni ni unga. Watu wamekufa kwa sababu waliowapeleka waliona aibu kusema.

Na akiteleza mara moja asirudishwe soba kwa kukokotwa kama mhalifu. Muulizeni ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kabla yake kilitokea nini, mana hapo ndo mtajua pa kuziba. Akiendelea siku ya pili ya tatu hapo rudini kwa wataalamu haraka, na kurudi mara ya pili si hasara ya ile ya kwanza, wengi walioacha kabisa hawakuacha safari ya kwanza.

BARUA YA TATU

Nina kijana wa miaka 15, nimemkamata na bangi mara mbili. Skuli anaenda, matokeo yameshuka kidogo. Nataka kumtia soba kabla hajaharibika zaidi, mama yake anakataa. Nani yupo sawa?
Baba, Chake Chake

JIBU

Mama yake, kwa leo. Kijana wa 15 anaevuta bangi lakini skuli bado anaenda na nyumbani analala, kumuweka ndani na watu wa unga miezi minne ni kumtoa kwenye vitu viwili vinavyomshikilia bado, skuli na nyie, halafu akirudi anaitwa jina mtaani ambalo halitoki. Bangi kwa umri wake si mchezo na sikuambii upuuze, akili bado inajengeka na wapo wanaoanza kusikia sauti na kuchanganyikiwa, ukiona hivo ni hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kwa hali uliyoieleza tiba ya kwenda na kurudi ndo ya kuanzia, mshauri wa skuli kama yupo, au mtu wa afya ya akili pale hospitali, na nyie wazazi muwemo ndani ya vikao, sio kumpeleka na kumsubiri nje kwenye pikipiki.

Chunguza pia anavuta na nani na ile bangi inatoka kwa nani, mana umemsikia mama wa Jang'ombe hapo juu, wa kwake alitiliwa unga bila kujua. Hilo nenda kaongee nae leo usiku, bila mkanda mkononi, na mama yake awepo.